Ng'ombe wa Baba Mkwe na Sarafu ya Watu Wanne

Jumanne, 9 Septemba 2025
Nimepoteza ng'ombe leo saa tano asubuhi, nikiwa nimekaa dukani kwangu, Biharamulo mjini. Hakuwa wangu. Ni wa baba mkwe, mzee Alfonce wa Rulenge, aliyenipa nimfugie: ndama wa kwanza wake, wa pili wangu. Nilimuuza mnadani laki tisa. Hesabu ilikuwa safi. Kuna sarafu ya mtandaoni, karibu yote wanayo watu wanne, wanauziana wenyewe kwa wenyewe ili bei ipande. Nimeuza maharage miaka kumi na miwili. Bei ya hivyo huanguka. Nikaweka laki tisa dhamana, nikauza sarafu za kuazima za milioni tisa, nizinunue na kuzirudisha zikishuka. Zikapanda asilimia kumi, yaani hasara ya laki tisa. Soko la mtandaoni likafunga biashara yangu lenyewe, likameza dhamana. Hata simu halikupiga.

Jumatano, 10
Sarafu imeanguka. Nilikuwa sahihi! Gidioni, fundi simu aliyenionyesha soko hilo, amekubali kwamba nilikuwa sahihi. Kwa sauti ya msibani. Nikataka anipeleke ofisini kwao. Hawana ofisi. Meneja? Hakuna, ni programu tu. Mnadani angalau kuna mtu wa kugombana naye.

Alhamisi, 11
Mke wangu Esperansia kauliza ng'ombe wa baba yuko wapi. Nikasema Nyantakara, kwenye majani. Kasema vizuri, baba anakuja Jumamosi kumwona, maana ana mimba. Mimba! Kumbe niliuza wawili kwa bei ya mmoja.

Ijumaa, 12
Nimemfuata aliyemnunua. Anataka milioni moja na nusu. Kauona uso wangu. Mwizi.

Jumamosi, 13
Mzee kaitikia shikamoo, kaulizia ng'ombe kabla ya kukaa. Nikaeleza yote, pamoja na asilimia.
"Mkwe, hao watu wanne unawajua?"
Nikasema hapana.
"Basi mimi ninayekujua ni wewe."
Kaondoka na Esperansia kwa gari la mchana. Ng'ombe akionekana Rulenge, mke ataonekana Biharamulo.

Jumapili, 14
Nimekula ugali baridi na kulitambua kosa: dhamana ilikuwa ndogo. Ng'ombe wawili wangevumilia asilimia ishirini. Na leo nimeona sarafu nyingine, ya watu watatu tu. Nimemwandikia Ntwari, kaka yake Esperansia: Shemeji, nataka kumrudisha dada yako. Unaniazima madume yako mawili kwa wiki moja, ndiyo au hapana? Usinizungushe. Nijibu leo, kabla ya saa kumi jioni.