Haki ya Picha za Bati kwa Kongo Nzima

Alfred aliiona bahati yake kwenye maonyesho ya sanaa mjini Minneapolis, kiangazi kile gari lake lilipokufa gia na yeye akageuka mtu wa kuomba lifti. Kwa mwanamume wa Brooklyn Park, kitongoji cha mji huo, kukosa gari ni jambo la kukaribia kukosa suruali. Kila asubuhi alibanwa kiti cha nyuma na wafanyakazi wenzake wa ghala la Shakopee, magoti kidevuni, akimsikiliza mwenye gari akitoa mawaidha kuhusu watu wasiojipanga maishani. Aibu ilimla hasa.

Sasa mbele yake alisimama mzungu mwenye ndevu za nabii, na sanduku la mbao lenye jicho la kioo. Mzungu alipaka dawa kwenye kipande cha bati, akakitia ndani ya sanduku, akamwambia mteja atulie tuli, kisha akakiosha, na pale batini ikajitokeza sura ya mtu, ya rangi ya moshi, ungedhani ni ya babu yake. Watu walipanga foleni. Alfred akauliza ufundi huu mwenyewe ni nani. Mzungu akacheka, akasema waliouvumbua walishakufa zamani na haki zao zikaisha, siku hizi ni wa kila mtu.

Mtu mwingine angeelewa kwamba hapo hakuna cha kuuza. Alfred alielewa kwamba hapo hakuna wa kumshtaki.

Alimbembeleza mzungu amfundishe, akanunua sanduku kuukuu, kisha akachapisha cheti chenye muhuri wa dhahabu cha Shirika la Kimataifa la Picha za Bati, ambalo makao yake makuu yalikuwa meza ya jikoni kwake. Dunia akaigawa nchi kwa nchi, kama walivyofanya wakubwa waliomtangulia. Akaanza na Kongo, kwa sababu alimfahamu Mkongo mwenye Toyota Sienna.

Huyo ni Sosthène wa kitongoji cha Crystal, mpiga picha za harusi na shemasi kanisani, mpole wa maneno na mroho wa mali. Alfred alimweleza kwamba mwenye haki hii ndiye peke yake, kuanzia Goma hadi Kinshasa, atakayeruhusiwa kupiga picha za bati. Wengine wote watampigia magoti. Sosthène alikikuna kidevu chake.

"Na Burundi?" aliuliza. "Burundi iko karibu sana na Uvira. Watu watavuka."

"Burundi ni territory ingine, ndugu yangu," Alfred alisema kwa huzuni. "Lakini kwa vile ni wewe, nita-include bure."

Mke wa Sosthène, Mama Donatille, alitaka kwanza kuona kwa macho. Alfred akaingiwa na hofu, maana wazungu aliojaribia walikuwa wanachekacheka mbele ya sanduku na wote wakatoka ukungu mtupu. Hakumjua Donatille. Huyu alilelewa kwao Bukavu, ambako picha ni jambo la heshima: aliketi, mikono magotini, uso kama hakimu, wala hakupepesa. Alitoka mzima mpaka nyuzi za kitenge. Sosthène alikaribia kulia, akasaini hati ya gari siku hiyohiyo kuwa malipo ya haki, na Alfred akamwachia cheti na sanduku, akaondoka na Sienna akipiga mluzi.

Akaonja utamu wa kuwa na gari. Aliivisha matairi mapya ya theluji na sasa yeye ndiye aliyewahubiria wenzake barabara nzima.

Jumamosi moja theluji ya kwanza ilipoanguka, alipita Crystal akakuta magari yamejaa mbele ya nyumba ya Sosthène. Akachungulia. Watu waliovaa vizuri walipanga mstari sebuleni. Kila mmoja alitia bahasha nono kwenye kikapu cha Donatille, akaketi wima mbele ya sanduku, akapigwa picha. Bahasha baada ya bahasha. Alfred akazihesabu kwa macho. Mali yote ile alikuwa ameiuza kwa gari kuukuu, tena na Burundi juu.

Akamvuta Sosthène kando, akamwambia makao makuu yameamua haki irudi. Sosthène akakataa. Alfred akabembeleza, akaahidi kumrudishia Sienna na matairi yake. Sosthène akamtazama mkewe.

"Na Burundi anaichukua bure?" Donatille aliuliza. "Atie kitu mu kikapu kwanza. Hapa hakuna mutu anapita mikono mitupu."

Alfred akamwaga mshahara wake wote kikapuni, kwa furaha, akiamini kikapu chenyewe sasa ni chake. Akasaini, akakabidhi funguo, akasimama kando ya sanduku na kumwomba mama aliyefuata, Noela, alipie picha.

"Kulipia nini?" Noela alishangaa. "Mchango wa harusi ya Elisée nimeshautoa. Picha ni asante ya Mama Donatille tu."

Alfred akamgeukia Sosthène.

"Mtoto wangu Elisée aliangalia mu téléphone, gari ikiwa imeshaenda," Sosthène alisema kwa upole. "Akasema ile papier yako, ile cheti, ni ya bure, haina kazi. Nililia, ndugu. Ile gari tuliiahidi mahari kwa Mzee Nshuti, baba wa bibi arusi, na mimi tamaa ikanipofusha. Nikasema harusi imekufa. Kumbe Mungu alikuwa anakuleta."

Nje vijana walikuwa tayari wanaifunga Sienna utepe mwekundu ili waipeleke kwa Mzee Nshuti, naye anakaa Brooklyn Park, mtaa mmoja na Alfred. Theluji ilizidi. Alfred, sanduku kifuani na haki ya Kongo nzima mfukoni, akauliza kama wangemsogeza nyumbani, maadamu njia ni moja.

Donatille alimtazama kwa uso ule wa picha.

"Ile si gari tena, baba," alisema. "Ile ni ng'ombe ya mukwe. Ng'ombe ya mahari haipandwi."