Nusu Dakika ya Bwana Mipango

Bwana Mipango hakukaa saluni kwa sababu ana nywele. Kichwa chake kilianza kung'aa zamani, kabla ya akili. Alikuwa amejibanza kukwepa mvua tu, na mvua ndiyo ikamwonyesha riziki: msusi alikuwa anasuka huku anaimba, na wateja wawili waliokuwa wakigombania zamu wakanyamaza kama watoto waliopewa peremende.

"Wimbo wa nani huo, dada?"

"Wangu, kaka. Miaka miwili naudunduliza. Nautoa Ijumaa, mwenyewe."

Kando ya kioo kulikuwa na daftari limefunguliwa. Bwana Mipango, ambaye mambo ya watu huyasoma bila miwani, akapitisha jicho. Picha ya wimbo: imepigwa. Vipande vifupi vya kuonjesha watu mtandaoni: Alhamisi. Wimbo wenyewe: Ijumaa. Wa kuupigia debe: hapo palikuwa patupu.

"Basi umefika," akasema. "Redio zote za hapa wananiita mjomba."

"Wasanii wako ni akina nani?" akauliza shangazi wa msusi, huku anakunja taulo.

"Wengine hawapendi kutajwa, shangazi."

"Kweli. Hata mume wangu wa pili hapendi kutajwa."

Tusimwonee, lakini msanii hakuwa naye hata wa dawa. Miaka kumi alikuwa anawaambia watu mtaani, "Subirini, kuna kitu kinakuja," mpaka watoto wakambatiza Kinakuja. Sasa kitu kimekuja, agawane na nani? Angeutoa Jumatano kwa jina lake. Ijumaa msusi akiutoa wa kwake, mwizi angeonekana msusi.

Akapewa simu asikilize. Akaiweka sikioni kidogo, akairudisha.

"Mbona hujamaliza, kaka?"

"Dada, mimi nusu dakika inanitosha. Wimbo mzima wanasikiliza wasio na kazi."

Msusi akamwangalia kupitia kioo. Akamwangalia tena.

"Basi uje kesho uchukue. Ubeti wa mwisho haujaniridhisha."

Kesho yake akaja, akachukua, akashukuru mpaka akaweka mkono kifuani.

Jumatano wimbo ukatoka. Mtunzi: Bwana Mipango. Mwimbaji: binti mmoja hivi. Na lake tumpe, siku hiyo alichapa kazi. Aliwabembeleza wauza simu waupige nje kwa spika kubwa. Aliutuma kwa kila namba aliyonayo, mpaka ya fundi bomba. Jioni watu wakaanza kumchekea njiani. Akadhani ndiyo umaarufu, akawapungia.

Alhamisi redio wakamwita.

"Niliutunga nalia," akasema hewani, kwa sauti ya msiba. "Kila neno limetoka kwenye maini."

Mtangazaji aliguswa, akafanya jambo ambalo halifanyiki redioni: akauacha wimbo upigwe wote. Ubeti wa kwanza, Bwana Mipango akatikisa kichwa. Wa pili, akafumba macho. Wa tatu, ngoma ikashuka, sauti ikabaki peke yake:

*Aliyekuletea wala hakunisikiliza,
nusu dakika tu ilimtosheleza.
Mwenyewe nasuka, nyuma ya soko,
mlango wa bluu, Ijumaa niko.*

Bwana Mipango akafumbua macho. Jicho moja kwanza.

"Mjomba," mtangazaji akauliza, taratibu, "na huo ubeti nao umetoka kwenye maini?"

"Huo... huo ulitoka nikiwa nimesinzia."

Ijumaa alikwenda saluni kudai haki yake, ingawa njia nzima alishindwa kujua ni ipi. Foleni ilikuwa imezunguka soko. Wengine wamekuja kusuka, wengine kumwona mwenye wimbo, na wote wanaujua ubeti wa tatu. Walipomwona wakamwimbia.

Akajipenyeza mpaka mlango wa bluu. Shangazi akamzuia kwa taulo.

"Foleni, mjomba. Au siku hizi umeota nywele?"

Kwa juu ya bega la shangazi akaliona daftari, palepale kando ya kioo. Pale patupu palikuwa pamejazwa, kwa mwandiko mzuri usio na haraka.

Wa kuupigia debe: amepatikana. Aliletwa na mvua.