Karatasi Haina Macho

Jumapili, 20 Agosti 2017

Kesho naanza masomo ya kiangazi chuoni. Nimechukua likizo yangu yote. Monsieur Lucien, mkuu wetu wa masijala, aliuliza naenda wapi. Nikasema Ostende, baharini. Sijui kwa nini. Nikiogopa, uongo hunitoka wenyewe, na Monsieur Lucien namwogopa hata Jumapili.

Lengo ni kuingia udaktari. Mtihani ni Septemba. Tatizo ni Mama, kule nyumbani Likasi: anaamini nimeshaingia. Nilimwambia hivyo mwezi wa Juni, siku moja mafaili yalipokuwa yamenichosha roho. Sasa parokia nzima inamwita mama ya docteur, na ameshashonesha kitenge cha sherehe. Kwa hiyo lazima niingie.

Baada ya misa Tonton Tshibangu, mjomba wangu, alinivuta pembeni na kunieleza siri ya masomo haya. Wajinga huenda kujifunza. Wenye akili huenda kuonekana. Yeye mwenyewe aliingia chuo kikuu, Lubumbashi, kwa sababu mkuu wa kitivo alimjua kwa sura.

“Karatasi haina macho, Donatien,” alisema. “Muntu njo iko na macho.”

Akaniazima suti aliyoolea. Rangi ya haradali. Hakuna asiyeiona.

Océane, binti ya Ma Sidonie ambaye naishi kwake hapa Ganshoren, Ubelgiji, anafanya mtihani huohuo. Haendi masomoni, anauza aiskrimu kiangazi chote. Namhurumia. Nani atamwona?

Jumatatu, 21 Agosti

Nilifika kabla ya mlango kufunguliwa. Safu ya mbele, katikati. Madame Delcourt anafundisha kemia: miwani, sauti ya upole, herini za kijani. Sikuandika hata neno. Anayeandika huinamisha kichwa, na kichwa kilichoinama hakionekani. Mimi nilikitikisa, juu chini, kwa kila alilosema.

Wakati wa mapumziko alinijia mwenyewe! Aliuliza kama shingo inaniuma. Siku ya kwanza tu, na shingo yangu ameshaijua.

Tuligawiwa lundo la karatasi za mazoezi. Mfuko uliojaa karatasi unaharibu mkao wa koti. Nimempa Océane zote. Alinishukuru kama nimempa kiwanja. Maskini.

Jumatano, 23 Agosti

Pigo dogo. Madame aliuliza swali, akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Akasema vizuri, lakini nakubali jibu la kwanza au la pili? Nikatikisa kwa nguvu zaidi. Nyuma yangu watu walicheka. Si neno. Anayechekwa anaonekana.

Jioni Océane alikuwa mezani jikoni na zile karatasi, mikono bado inanata aiskrimu. Alitaka kujua Madame alielezaje zoezi la tisa. Nilimwambia mambo ya chuoni hayaelezeki kwa mtu ambaye hakuwapo. Alisema, “Sawa, yaya,” kama kwa kaka mkubwa, akaanza upya na kifutio. Hana hata suti.

Ijumaa, 25 Agosti

Sitaki kuiandika siku hii. Naandika.

Tonton alisema mbele ya mkubwa huendi mikono mitupu. Nikachukua dagaa wa Ma Sidonie, wale wakavu wanaoletwa kutoka Ziwa Tanganyika, nikawatia katika mkebe wa biskuti, na mkebe nikauweka dirishani ili Madame auone. Lakini jua la Ubelgiji, ambalo wiki nzima halikujulikana lilipo, leo lilikuja kukaa juu ya mkebe wangu.

Saa nne watu walianza kutazama viatu vyao. Saa nne na nusu Madame akasimamisha somo na kuuliza nani amegusa chupa za maabara. Mlinzi akaja, akanusa, akatoa jengo zima nje. Tulisimama uwanjani tukisubiri zimamoto. Vijana wa fizikia nao walitolewa. Madame alitulia, akaendelea kufundisha akiwa amesimama kwenye nyasi, na wote wakakaa chini, wakaandika magotini.

Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nasali mkebe usifunguliwe.

Ulifunguliwa. Mzimamoto mmoja alitoka nao, ameunyoosha mbali na pua yake, akauliza ni wa nani. Nilitazama mawingu. Ma Sidonie amewatafuta dagaa wake jioni nzima. Nimemwambia huenda ni panya.

Ijumaa, 1 Septemba

Siku ya mwisho. Nilimsubiri Madame mlangoni, nikajitambulisha kwa jina kamili, nikamwomba asinisahau siku ya kuchagua.  Kisha akasema polepole, kama mtu anayesomea mgonjwa maandishi ya dawa:

“Monsieur, mimi sichagui mtu yeyote. Mtihani unasahihishwa na mashine, na majibu hayana majina. Masomo haya yanamsaidia anayefanya mazoezi. Basi. Umefanya mazoezi?”

Nikatikisa kichwa.

Nilimsimulia Tonton kwa simu. Alifurahi sana. Alisema mukubwa wa kweli haonyeshi nguvu yake. Ule mdogo ndiye hujisifu. Nimelala kwa amani mara ya kwanza tangu Juni.

Ijumaa, 8 Septemba

Mtihani. Ukumbi wa maonyesho, Heysel, watu kama siku ya kuja kwa Papa. Nilivaa haradali. Nilimsalimia kila msimamizi kwa mkono, mpaka mmoja akaniomba nikae. Madame hakuwapo.

Swali la tatu nililikumbuka kabisa! Lilikuwa somo la uwanjani. Niliona tena nyasi kwenye viatu vyake, herini, chaki kwenye kiwiko. Niliona kila kitu isipokuwa jibu.

Océane alikuwa safu za nyuma kabisa, ameinama. Tangu mwanzo hadi mwisho hakuinua kichwa. Hata ningekuwa mashine nisingemwona.

Jumatano, 20 Septemba

Océane ameingia.

Mimi sikuingia. Mbali sana na kuingia.

Ma Sidonie alipiga vigelegele mpaka jirani, mzee Mbelgiji asiyetusalimia kamwe, akabisha kuuliza kama kuna aliyekufa. Océane alinikumbatia, akasema mbele ya wote:

“Ni karatasi zako, yaya. Nilizifanya zote, mara mbili. Bila wewe nisingeweza.”

Nikasema si kitu. 

Kisha Mama akapiga kutoka Likasi. Leo ndiyo walipanga sherehe yangu, na alikuwa tayari amevaa kitenge; nilisikia wanawake wa parokia nyuma yake. Nikamwambia katika nyumba yetu mmoja ameingia. Akauliza, “Mumoja nani, Dona?” Hapo mtandao ukakatika.

Niliukata mimi.

Jumamosi, 23 Septemba

Jana ofisini Monsieur Lucien aliuliza mbona bahari haikunibadilisha rangi. Nikasema mvua. Mama amepiga tena na tena, sijapokea. Océane amenirudishia karatasi, amezipanga vizuri, na penseli yake pembeni inaeleza kila hatua. Anasema tukianza sasa, jioni mojamoja, mwaka kesho nitaingia. Roho ilinisogea kidogo.

Lakini leo nimekaa na Tonton, tumechunguza kosa lilipo. Liko wazi. Tulimpelekea dagaa mtu asiyehusika! Anayesahihisha ni mashine. Na mashine haiwezi kuwa peke yake: lazima kuna muntu anayeiwasha. Tonton anamjua Rigobert wa Molenbeek, anayetengeneza mashine za kunakilia karatasi. Rigobert hakosi kumjua mwenzake wa mashine ile. Kesho baada ya misa tunakwenda kumwona.

Suti imepigwa pasi. Dagaa wapya nimeshanunua. Safari hii si mkebe. Mkebe ndio ulioleta joto. Nimewafunga kwenye karatasi za Océane, tabaka kwa tabaka. Ni karatasi nzuri, nzito. Harufu haipiti kabisa.