Maziwa ya Eseri na Jaribio la Tatu

Jumatatu, 15 Juni 1987

Mwalimu Msahihishaji, salaam katika Kristo. U mzima? Na nyumbani kwako hawajambo? Sisi huku Kiruruma tunamshukuru Mungu, ni kikohozi tu cha vumbi la kiangazi. Somo la tisa linaagiza mwanafunzi aweke shajara ya juma moja, aandike mambo ya kweli, na mwisho aeleze amejifunza nini. Naanza leo. Nakuandikia wewe peke yako. Usiwasomee walimu wenzako wakati wa chai.

Wewe unanijua kwa namba tu. Mimi ni Telesfori Harerimana, mkulima wa kahawa na migomba, kiongozi wa jumuiya yetu ya Kikristo. Darasa la saba nimelipata ukubwani. Kidato cha kwanza nakitafuta kwenu kwa njia ya posta. Jaribio hili, lenye shajara na Hesabu, nimeanguka mara mbili, na Chuo kimeandika kwamba anayeanguka mara ya tatu anafutwa. Nikifutwa, basi. Kijiji kinatafuta mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kinamtaka mwenye cheti chenu. Tunaokitafuta ni wawili, mimi na jirani yangu Gozbert. Naye anasoma kwenu. Mwandiko wake ni mzuri. Usikudanganye.

Mke wangu Mukabera alikwenda Bugomora jana baada ya misa. Binti yetu mkubwa amejifungua. Ameniachia hawa wadogo: Projest, Anatolia, na Gaudiosus ambaye amejua kukimbia kabla ya kujua kusikia. Aliniuliza kama nitawaweza. Nilicheka.

Asubuhi nikapika uji. Ukaungua. Nikafungua kitabu cha Hesabu, Gaudiosus akakikalia. Hakuwa mkavu. Nikamkumbuka Mtakatifu Yosefu. Naye alilea, lakini mtoto mmoja tu, tena yule.

Basi nikapata shauri. Kule juu kwenye majani anakaa Eseri, mfugaji. Kwake mtoto mgeni haondoki bila kunywa maziwa. Na mtoto aliyejaa maziwa hulala mpaka alasiri. Nikawatuma wote watatu wakamsalimie. Ila mtoto anayekwenda kwa watu na njaa humwaibisha baba yake, kwa hiyo nikawashibisha maharage kwanza.

Wakarudi kabla sijamaliza kuchonga penseli. Wanalia. Projest akaeleza kwamba mama mkwe wa Eseri, Bibi Kantengwa, alikuwa ameshainua kibuyu, ndipo akauliza wamekula nini. Anatolia akamwambia maharage. Bibi akakirudisha kibuyu chini. Akasema kwao aliyekula maharage, karanga au viazi vitamu hanywi maziwa siku hiyo, maana ng'ombe atavimba kiwele. Akawapa pole, akawaonyesha njia ya kurudi.

Mimi ni mtu wa jembe. Sisi twachanganya kila kitu tumboni, Mungu anajua kupanga. Lakini sawa. Nimeelewa. Maharage.

Jumanne, 16 Juni

Chungu bado kina maharage ya jana. Kutupa chakula ni dhambi. Tukala.

Sikuwaambia watoto waseme uongo. Amri ya nane naifundisha mimi mwenyewe kila Jumamosi. Niliwaambia tu kwamba mkubwa akikuuliza swali, unaangalia chini kwa heshima.

Walikwenda wakaangalia chini. Bibi Kantengwa akasifu malezi yao, akawanywesha. Walirudi na midomo myeupe, wakaanguka mkekani kama magunia. Nyumba kimya. Nikafanya hesabu za sehemu, moja baada ya nyingine, mpaka nikafurahi mno. Nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Gaudiosus akaamka.

Jioni Eseri akaja. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Akasema Bihogo, yule ng'ombe wa rangi ya udongo, amevimba kiwele na amepiga teke chombo cha maziwa, na Bibi hali chakula, anauliza nani kanywa kwetu akiwa na kitu tumboni. Kiwele huweza kuvimba kwa kupe. Niliwaza hivyo, sikusema. Anatolia akatoka ndani akiwa na kijiko cha maharage. Akamwamkia Eseri shikamoo, vizuri kabisa, akasema baba ametufundisha kuangalia chini.

Eseri aliniuliza kama mimi ndiye ninayewaombea watu siku za jumuiya.

Niliangalia chini kwa heshima.

Hukumu: kesho nichunge ndama wake kutwa nzima.

Jumatano, 17 Juni

Labda Mwalimu hujawahi kuchunga. Ndama hutengwa na mama zao mchana ili jioni kiwele kiwe na kitu. Kazi yenyewe ni hiyo moja: ndama upande huu wa kijito, mama zao upande wa pili, wasionane. Eseri alinieleza polepole, kama anayemweleza Gaudiosus.

Nilichukua kitabu cha Jiografia. Watoto nikaja nao. Nakwambia kweli, adhabu ile ilikuwa na baraka ndani yake. Watoto wakawakimbiza ndama, nami nikakaa kwenye kichuguu nikisoma habari za pepo na mvua. Sura nzima. Nilipoinua kichwa sikuona ndama hata mmoja.

Nikamuuliza Projest wamekwenda wapi. Akasema wamevuka kwa mama zao, muda mrefu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema asubuhi niliahidi kwamba asiyenikatiza masomo atapata muwa. Akauliza muwa uko wapi.

Tuliwakuta wamemaliza. Povu midomoni, mikia inacheza. Jioni Eseri alikamua Bihogo, akakamua wengine, chombo kikabaki kinalia kama debe. Watu wa nyumba ile walilala bila maziwa kwa sababu ya pepo za Jiografia. Gozbert alipita na baiskeli wakati huohuo. Huwa hapiti njia ile. Akaniuliza, mzee mwenzangu, siku hizi Chuo kinafundisha na ufugaji?

Nilisali rozari yote. Muwa nikampa.

Alhamisi, 18 Juni

Nikamgeukia Gozbert. Usinihukumu haraka. Gozbert hana mtoto mdogo, ana mama yake, Mama Felicitas, ambaye kwake watoto hutulia wenyewe. Tena Gozbert amewaambia watu sokoni kwamba jaribio lake limekwisha zamani. Nikafikiri nikienda tusome pamoja kindugu, watoto watakaa na mama, nami jicho langu litapita kidogo kwenye karatasi zake. Kusaidiana kumeandikwa katika Biblia.

Alinipokea kwa furaha iliyonishangaza. Akanipa kiti kizuri. Akaniambia nianze mimi kuonyesha. Nikamwambia hapana, mwenye nyumba huanza. Akasema mgeni ni baraka, aanze mgeni. Tukapakana mafuta hivyo hadi chai ikapoa. Mwisho Mama Felicitas, aliyekuwa anapepeta mtama mlangoni, akasema, "Mafaili yenu yako wazi, mimi sijui kusoma na nimeona. Hayana kitu. Kila mmoja kaja kuvuna kwa mwenzake, na hakuna aliyelima."

Kweli. Gozbert alikuwa na jina lake juu ya karatasi. Mwandiko mzuri.

Nilirudi na watoto. Gaudiosus alikuwa amekula kifuniko cha kalamu ya Gozbert. Nusu yake imeonekana.

Ijumaa, 19 Juni

Nusu ya pili imeonekana. Deo gratias, Mungu ashukuriwe.

Nilikata mkungu mkubwa wa ndizi, nikaubeba kichwani hadi kwa Eseri, watoto wakinifuata. Nilipiga goti mbele ya Bibi Kantengwa, nikamwamkia, nikaomba msamaha kwa maharage, kwa heshima ile ya uongo, na kwa ndama. Bihogo amepona. Walimtoa kupe mkubwa, lakini hakuna aliyesema neno juu ya kupe, wala mimi.

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Akasema, "Waitu, jamani, tangu nizaliwe nimeona mchungaji mlevi na mchungaji mwizi. Mchungaji anayesoma, ndiyo mara ya kwanza." Gaudiosus alikuwa ameshapanda mapajani kwake na kushika ushanga wake. Wajukuu zake mwenyewe wako mbali. Nikaona amelegea.

Akaniuliza nasomea nini na mvi hizi. Nikamwambia nataka kuwafundisha watu wazima kusoma. Akauliza hata mabibi? Nikasema hata mabibi. Akasema nimletee watoto Jumatatu, atashinda nao juma zima nikiandika hesabu zangu. Lakini wakija tena na kitu kilichokatazwa, Eseri hatafungua zizi kwa mtu yeyote wa nyumba yangu. Akauliza kama nakumbuka aliyosema. Nikamwambia nakumbuka sana, si maharage? Akasema, na vile vingine. Nikasema, na vile vingine.

Jumamosi, 20 Juni

Mukabera amefika asubuhi kuchukua nguo. Jumatatu alfajiri anarudi Bugomora kwa juma jingine. Mjukuu ana kilo nzuri na anafanana na mimi, maskini.

Aliwauliza watoto wamekula nini juma hili. Anatolia akamweleza yote, kwa mpangilio, kuliko mimi nilivyokuandikia hapa. Mukabera alikaa chini akacheka hadi kanga ikamfunguka. Alipopata pumzi akasema kule Kimuli kuna mdogo wake Laurensia, hana kazi msimu huu, atumiwe habari aje alee watoto, na mimi niache maziwa ya watu. Nikamwambia ni wazo zuri, nitalifikiria. Sijalifikiria. Ninao mpango wangu.

Padre anakwenda Kayanga mchana huu, bahasha hii itafika posta kwa mkono wake. Hesabu itafuata juma lijalo, usiifunge kazi yangu kabla haijafika. Wakati wa kutoa maksi kumbuka kwamba nimeandika kweli tupu, hata pale ambapo uongo ungenipendeza.

Sasa swali la mwisho, umejifunza nini. Nimejifunza kwamba kosa lilikuwa maharage. Hayatapikwa tena katika nyumba hii mpaka cheti kitoke. Projest na mimi tumechimba viazi vitamu, kikapu kizima, viko jikoni. Jumatatu asubuhi watoto watavila vya kutosha, wasiende kwa Bibi Kantengwa na njaa wakaniaibisha, na mimi nitakuwa na siku nzima ya Hesabu.

Msalimie mkeo na watoto. Naomba unijibu mapema.

Mwanafunzi wako,
Telesfori Harerimana