Makufuli Matatu, Mlango Mmoja

Basi la Babati lilipowashusha abiria pale stendi ya Katesh, watu wengine waliona vijana wa chuo wakihangaika na magodoro yaliyokunjwa, ndoo na majiko ya gesi. Baltazar aliona hosteli iliyojaa.

Alikuwa amekaa kwa mama lishe, kipande cha chapati kikiwa njiani kuelekea mdomoni. Kikasimama hapo hapo hewani, kwa sababu akili ikianza kufanya kazi mkono hupumzika. Baltazar alikuwa dalali. Dalali wa nini? Wa kila kitu ambacho mwenyewe amegeuka upande wa pili: vitunguu, mbuzi, viwanja, na mwaka mmoja, trekta bovu ambalo mpaka leo watu wawili kila mmoja anasema ni lake. Yeye mwenyewe hakujiita mwizi. "Mimi siibi," alipenda kusema. "Namsaidia mtu kuachana na hela zinazomsumbua."

Na siku hiyo mfukoni mwake mlikuwa na ufunguo.

Ufunguo ulikuwa wa nyumba ya Mzee Gidamis, mfugaji wa Getanuwas. Wanawe walimsumbua mzee miaka mingi kwamba mtu mwenye ng'ombe kama wake hawezi kukosa hata bati moja mjini. Akauza madume, akajenga nyumba ya vyumba vinne na sebule, akalala humo usiku mmoja tu. Asubuhi akasema kulala bila kusikia ng'ombe wakicheua ni sawa na kulala kaburini, akarudi kwake. Baltazar akaachiwa ufunguo na agizo moja: mbuzi wa watu wasilale ndani. Kuhusu wanafunzi, mzee hakusema neno.

Msichana mmoja alikuwa akiburuta godoro kuelekea kivulini.

"Shikamoo," akamwamkia Baltazar.

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta chumba?"

Msichana akashtuka. "Umejuaje?"

"Godoro limeniambia."

Aliitwa Irene, mtoto wa wakulima wa Dongobesh, mwaka wa kwanza. Baltazar akambebea godoro mpaka kwenye nyumba ya Gidamis, akafungua chumba cha mbele kwa madaha ya bwana harusi.

"Ukisimama hapa dirishani unauona Mlima Hanang mzima. Huko mijini watu wanalipia kuuona mlima."

"Dirisha halina kioo."

"Ndiyo maana unauona vizuri."

"Maji je?"

"Jirani ni mlokole, hawezi kukunyima."

"Na choo?"

"Kinakuja."

Irene akatazama kuta ambazo hazijapigwa plasta, akatazama paa lisilo na dari, akamkumbuka mama yake. "Mama ameuza nguruwe mwenye mimba ili nipate kodi," alisema taratibu. "Sitaki kukosea."

Baltazar akavua kofia kwa heshima ya marehemu. "Mwanangu, mimi nisingekuharakisha. Lakini kuna kijana yuko njiani, hela mkononi, anakitaka chumba hiki hiki."

Irene akahesabu hela, akalipa. Hapa ni lazima haki itendeke: Baltazar hakuwa anadanganya. Kijana alikuwepo. Aliitwa Severine, wa Haydom, na alasiri hiyo alilipa kodi ya miezi sita ya chumba kile kile baada ya kuambiwa kuna msichana anakitaka. Jioni akalipa wa tatu, Lameck, kijana mrefu mpole aliyesema tu kwamba ametoka tambarare za huko chini. Huyo aliambiwa kuna watu wawili wanakitaka. Kila mmoja aliambiwa ukweli mtupu, na kila mmoja aliambiwa anunue kufuli lake ahamie Jumamosi.

Jumamosi Baltazar alizima simu, akaenda kujibanza kwenye karakana ya fundi Basili, ng'ambo ya barabara, atazame sinema. Irene alifika kwanza, akafunga kufuli lake, akaenda sokoni kununua ufagio. Severine akakuta kufuli, akadhani amelindiwa, akaongeza la kwake. Lameck akaona mawili, akapendezwa na ulinzi, akatia la tatu. Mchana wakakutana wote mlangoni, kila mtu na ufunguo wake mmoja, na mlango wenyewe hauwezi kufunguka mpaka wote wakubaliane. Hata benki hazifungwi vile.

Walipiga kelele. Irene akalia kidogo, akafuta machozi kwa ufagio mpya. Kisha wakakaa juu ya magodoro, wakaongea kwa muda mrefu, Lameck akiinyooshea nyumba kidole na kuonyesha upande wa Getanuwas. Mwisho wakacheka. Kicheko kile kingemtia wasiwasi mtu mwenye busara. Baltazar alikuwa na akili tu.

Hakuwa na mpango wa kutoroka. Kutoroka ni kwa wezi. Mpango wake ulikuwa "njooni kesho", kesho na kesho nyingine, mpaka mitihani iwachoshe. Siku chache baadaye akawasha simu, nayo ikaita papo hapo.

"Shikamoo, mjomba," ilikuwa sauti ya Severine.

"Marahaba! Wanangu, mtandao huu..."

"Hakuna shida, mjomba. Tumeshaelewana. Irene amechukua chumba, mimi na Lameck tunajibana sebuleni, maana vyumba vingine umevifunga. Tunashukuru sana."

Baltazar nusura aangushe simu. Katika maisha yake yote ya udalali hajawahi kumpiga mtu hela, halafu mtu akamshukuru.

"Ila tuna ombi moja," Severine aliendelea, akishusha sauti. "Kuna mama wa shirika yuko hapa anamuulizia mwenye nyumba. Anataka nyumba nzima kwa ajili ya watafiti wa Kizungu, eti wanachunguza ndege wa mlimani. Miaka miwili, na analipa yote kwa mkupuo. Mjomba, tafadhali, usimpe. Sisi tutaenda wapi?"

"Siwezi kuwafanyia hivyo, wanangu," alisema Baltazar, mguu mmoja tayari uko barabarani.

Alimkuta mwanamke wa heshima, suti nyeusi, miwani inayoning'inia kwa mnyororo, mkoba uliobanwa kwapani kana kwamba una siri za serikali. Alijitambulisha kwa jina la Bi Agatha. Nyuma yake wanafunzi walisimama na nyuso za waombolezaji.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ni mimi, mama. Nimeijenga kwa jasho langu, tofali kwa tofali."

Lameck akakohoa.

Bi Agatha akapita chumba kwa chumba. Aligusa ukuta kwa kidole, akakitazama kile kidole kwa huzuni. "Dari hakuna."

"Niko mbioni kuweka."

"Rangi hakuna. Tanki la maji sioni. Na choo?"

"Kinakuja," Irene akawahi kujibu.

"Kije cha kukaa," alisema Bi Agatha. "Wageni wangu hawachuchumai, mmoja ana goti. Nyumba ikiwa tayari watakapofika, mkataba na hela siku hiyo hiyo. Isipokuwa tayari, kuna nyumba nimeiona Nangwa."

"Usiende Nangwa, mama! Nangwa kuna upepo mbaya!"

Upepo wa Katesh, ambao hauna hiyana, ukamvua kofia ukaondoka nayo. Aliitazama ikienda, wala hakuifuata. Mtu anayekaribia kuwa tajiri hakimbizi kofia.

Kazi ikaanza Jumatatu. Fundi Basili alipiga plasta, akaweka dari, akatia vioo na nyavu za mbu. Nguruwe wa Dongobesh akageuka saruji. Kodi ya Severine ikapanda juu ikawa dari, na ya Lameck ikawa tanki jeusi lenye tumbo kubwa, limesimama juu ya mnara wake kama diwani aliyeshinda uchaguzi. Hela za watoto zikaisha, na choo bado hakijafika. Baltazar akauza pikipiki yake. Akakopa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaahidi kulipa Wazungu wakitua.

Bi Agatha alikuja kukagua kila wiki, na kila wiki aliondoka akitikisa kichwa kidogo.

"Rangi hii ni ya zahanati," alisema siku moja. "Wageni watadhani wameletwa kuchomwa sindano."

Ikapakwa upya.

Wanafunzi nao walisaidia kwa moyo ambao ulimgusa hata Baltazar. Wakitoka darasani walibeba mchanga, wakafagia vipande vya mbao, wakamkorogea Basili rangi. Walimuuliza fundi bomba lipi linapeleka maji wapi, na swichi ipi inawasha taa ipi, kama watu wanaotarajia kukaa.

"Watoto wazuri hawa," Baltazar alimwambia Basili. "Itaniuma kuwafukuza."

"Utawafukuza lini?"

"Asubuhi ile ile Wazungu wanapofika. Sitaki waumie mapema."

Siku ikafika. Choo kilikuwa kimewekwa, cheupe kama jino la mtoto. Baltazar alivaa koti la kuazima, akasimama mlangoni na hotuba ya makaribisho kichwani. Wanafunzi hakuwafukuza kwanza. Alihitaji mtu wa kupokea mabegi. Majirani wakajisogeza, kwa maana Wazungu wa bure hawaonekani kila siku.

Gari halikuja. Kutoka upande wa mnadani alitokea mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, akimvuta ng'ombe mtamba mwekundu kwa kamba. Pembeni yake alitembea Lameck. Mzee alipita nyumba, akaenda mbele, akasimama, akarudi. Akapita tena. Ndipo Lameck alipomshika mkono akamwonyesha mlango.

Hotuba ikamtoka Baltazar kichwani. "Shikamoo, Mzee Gidamis."

"Marahaba. Hii nyumba ni ya nani?"

Mzee aliuliza kwa dhati kabisa. Yeye alikuwa ameacha tofali na bati. Hapa palikuwa na rangi ya maziwa, vioo, na kitu cheusi kikubwa angani.

"Ya huyu bwana," ilijibu sauti ya mwanamke. "Aliniambia mwenyewe, ameijenga kwa jasho lake, tofali kwa tofali."

Baltazar akageuka. Alikuwa Bi Agatha, lakini suti ilikuwa imeyeyuka. Alivaa kitenge, amebeba beseni la makande, na miwani hana.

"Shangazi, weka hapa," alisema Irene, akimpokea beseni.

Shangazi! Neno hilo moja lilimvua Baltazar kila kitu. Shirika halikuwepo. Goti la Mzungu halikuwepo. Ndege walikuwepo mlimani, ila hakuna mtu aliyekuwa na shida nao. Na yule Lameck wa tambarare za huko chini alikuwa mtoto wa jirani yake Gidamis, aliyeitambua nyumba tangu siku ya makufuli.

Gidamis alihamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. "Amesema ni yake?"

"Yako, mzee!" Baltazar alipaza sauti mpaka majirani wa mbali wakasikia. "Yako kabisa! Mimi nilikuwa nazuia mbuzi."

"Kile cheusi juu ni nini?"

"Tanki la maji."

"Kwa hela ya nani?"

Severine akasogea mbele, mikono nyuma kwa adabu. "Mzee, sisi watatu tulimlipa kodi ya miezi sita. Hakuila. Yote ameiweka kwenye nyumba yako. Haikutosha, akauza na pikipiki yake. Si ndivyo, mjomba?"

Hakukuwa na neno moja la uongo hapo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akayatazama macho ya wanafunzi, ya shangazi, ya majirani. Akaitazama fimbo.

"Ndivyo," akasema.

Mzee akamwachia Lameck kamba ya mtamba, akaingia ndani peke yake. Walisikia milango ikifunguka polepole. Kisha wakasikia choo kikivutwa maji. Kikavutwa tena. Baada ya mara ya tatu mzee akatoka, uso umebadilika.

"Maji yanaondoka yenyewe," aliwatangazia. Akamgeukia Baltazar. "Nilikuja hapa na hasira. Mnadani wameniambia wewe tapeli. Sasa nikuambie: wanaokusema hivyo ni watu wabaya." Akatema mate kidogo kifuani mwa lile koti la kuazima, kumbariki. "Hawa watoto wamelipa. Kila mmoja achukue chumba chake, na cha nne nitalala mimi siku za mnada. Na wewe, mtamba huyu nilimleta niuze. Chukua."

Mtamba alikuwa amenona, ana baka jeupe usoni. Ndani ya kichwa cha Baltazar tayari alikuwa ameshazaa mara mbili. Mkono ukanyooka wenyewe kuelekea kamba.

"Hatapokea, mzee," Irene alisema kwa upole mkubwa. "Kila siku anatuambia kazi hii anaifanya kwa moyo. Hataki hata shukrani."

"Hata kuku hataki," aliongeza shangazi, akipakua makande.

Mkono wa Baltazar ulibaki hewani. Mtamba akamlamba vidole. Akipokea, mazungumzo yataendelea. Na yakiendelea, yatarudi kwenye jasho na tofali kwa tofali, na mzee bado ana fimbo.

"Sitaki kitu, mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusema, na ni huo tu ambao Katesh nzima iliuamini bila kuuliza swali.

Akaondoka kabla makande hayajaisha kwenye beseni, watu wakimpa mkono njia nzima. Nyuma yake Basili alikuwa akimkimbilia kwa ajili ya hela ya choo, na mwenye duka la vifaa alishachungulia mara mbili. Karibu na barabara kuu ya Singida akasimamishwa na Mwalimu Bonaventura, katekista wa kigango.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina, mwalimu."

"Habari zako zimetufikia. Kutengeneza nyumba ya mtu mwingine, ukauza na chombo chako! Kamati imekaa hapo nje ya kanisa sasa hivi, kwa kauli moja tunataka uwe mweka hazina wa ujenzi. Tunahitaji mtu mwaminifu."

Siku nyingine Baltazar angekubali kabla sentensi haijaisha. Alimtazama katekista, akalitazama koti lenye mate ya baraka, akatazama basi la Singida likipunguza mwendo.

"Tafuteni mtu mwenye uwezo, mwalimu," alisema akidandia ngazi. "Uaminifu ni ghali. Mimi nimejaribu mara moja tu, umenifilisi."