Aljebra ya Kwenye Kioo

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza rasmi. Mlangoni, chini ya KUNYOA NA KUCHONGA NDEVU, nimeongeza kwa rangi nyekundu: PIA HESABU.

Sababu ni mshonaji wa mlango wa pili. Namwita Sindano, na wala si kwa ajili ya kazi yake. Mama huyu anashona huku anawasaidia watoto wa shule maswali ya aljebra, na wazazi wanaowangoja wanaishia kupimwa nguo. Kwake watu wanabanana. Kwangu benchi linaota vumbi.

Leo nimeanza na fumbo. Mteja akishakaa namwambia afikirie namba yoyote kimoyomoyo. Aizidishe kwa mbili, ajumlishe kumi, agawanye kwa mbili, kisha atoe ile namba yake ya mwanzo. Halafu nafumba macho, namshika utosi, namtajia jibu: tano. Wa kwanza nusura ashuke kwenye kiti na povu lake kidevuni. Wa pili, karani wa posta, aliniuliza kama naweza kujua pia mkewe anawaza nini. Raha tupu.

Mchana wakaingia ndugu wawili. Mmoja kitini, mmoja benchini, wote wakafikiria namba zao. Wa kitini, tano. Wa benchini naye, tano. Wakatazamana. Karani wa posta, aliyekuwa bado anasoma gazeti langu, akasema hata yeye ilikuwa tano. Nikawaambia ni kwa sababu leo ni tarehe tano. Karani akaligeuza gazeti akanionyesha tarehe.

Jumanne, 5 Machi

Leo ndiyo tarehe tano, na hakuna aliyekuja kuulizia.

Aliyekuja ni dada yangu, na uso wa kazi. Binti yake, mpwa wangu, anataka kuingia chuo cha ufundi wa umeme. Hilo hatukulijua leo; tangu akiwa mdogo ukiacha redio mezani unaikuta imefunguliwa tumbo. Lakini mtihani wa hesabu ulimwangusha, na chuo kimempa nafasi ya mara moja tu kuurudia, Jumatano ya wiki ijayo. Akikosa, jina lake linafutwa na hapokelewi tena. Dada alikuwa njiani kumpeleka kwa Sindano.

Nikasimama mlangoni nikamzuia. Nikamuuliza mtoto wa damu yangu anapelekwaje kwa jirani wakati mjomba wake yupo na tangazo limeandikwa. Dada akalitazama tangazo. Akanitazama na mimi. Akasema haya, lakini nikimharibia mtoto nisikanyage kwake tena. Dada yangu huwa hasemi kwa kutishia. Anasema kwa kuarifu.

Mimi aljebra niliiachia shuleni pamoja na viatu vilivyonibana. Ila kitu ulichowahi kukijua hakipotei, kinajificha tu.

Alhamisi, 7 Machi

Kimeonekana!

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, natazama kioo, na nyuma yangu ukutani nimetundika ubao wenye maswali ya mpwa wangu. Nikaona jambo ambalo walimu hawalioni kwa sababu hawafanyi kazi mbele ya kioo. Namba zote kwenye kioo zimegeuka. Tatu imegeuka, saba imegeuka. Lakini x ni ileile, haina mbele wala nyuma.

Basi nikaielewa ile kanuni iliyonitesa utoto wote, ya kuvusha vitu kwenye alama ya sawasawa. Wanasema kinachovuka hubadilisha alama: cha kujumlisha kinakuwa cha kutoa. Sawa, lakini ni x tu. Namba ni viumbe vya kugeuka tangu asili, kioo ni shahidi, sasa uigeuze mara ya pili ya nini? Namba inavuka na alama yake ileile. Ukipita hapo umemaliza aljebra.

Jioni nikamfundisha mpwa wangu. Alisikiliza kwa adabu, akauliza polepole kama nina hakika. Nikamwambia mimi nimesimama mbele ya kioo tangu yeye hajazaliwa. Akaandika, akauma kalamu, akaanza kuandika vitu vyake pembeni. Huyu mtoto ana bidii, kilichokosekana ni mwalimu.

Jumamosi, 9 Machi

Benchi limejaa. Nimeandika ubaoni Fumbo la Wiki: baba ana umri mara tatu ya mwanawe, baada ya miaka kumi na miwili atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Kila mmoja ana miaka mingapi? Watu wakakuna vichwa, na kichwa kikishakunwa mwenyewe anakumbuka kukinyoa. Nimefanya kazi mpaka mashine ikapata moto.

Saa ya majibu ikafika. Nikalikokotoa mbele ya umati kwa kanuni yangu. Mtoto, miaka thelathini na sita. Baba, miaka mia moja na nane.

Sindano alikuwa kaegemea mlango, tepu shingoni. Akauliza kama huyo mzee alimpata mtoto akiwa na miaka sabini na miwili, na kama kwenye hilo fumbo kuna mke tumpe pole. Watu wakaangua kicheko. Nikasema ni ukoo wa watu wa umri mrefu. Akasema mtoto ana kumi na mbili, baba ana thelathini na sita, wakipewa miaka kumi na miwili wanakuwa ishirini na nne na arobaini na nane. Halafu akarudi kwenye cherehani yake bila hata kungoja nimjibu.

Nikawaeleza wateja kuwa fumbo moja linaweza kuwa na familia mbili. Karani wa posta peke yake ndiye aliyetikisa kichwa kukubali, naye nilikuwa nimeshika wembe shingoni mwake.

Jumatatu, 11 Machi

Mpwa wangu yuko tayari. Namfanyia swali kwa kanuni, naye anainamia karatasi, anaziba kwa mkono, anaandika kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe. Mara nyingine anatabasamu. Nilimuuliza anaandika nini, akasema anafanya mazoezi tu, mjomba. Dada kanipigia kuuliza hali. Nikamwambia anunue kabisa bisibisi.

Jumatano, 13 Machi

Leo naandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi, mtihani ukiwa unakaribia kuanza, alikaa kitini mtu mpole wa makamo. Nikauliza anafanya kazi gani, akasema anafundisha hesabu sekondari. Nikafurahi, nikamweleza kanuni ya kioo yote, kama fundi na fundi mwenzake. Akaniomba nizime mashine. Akainuka, kichwa upande mmoja kimenyolewa na upande mmoja bado, akaandika ubaoni: x jumlisha tatu ni sawasawa na kumi. Nikavusha tatu yangu na alama yake, nikapata kumi na tatu. Akasema sasa nimrudishie hiyo kumi na tatu mahali pa x. Kumi na tatu jumlisha tatu ni kumi?

Sikuona ubao, nilimwona mpwa wangu na jina lake likifutwa.

Nilitoka mbio na kitana mkononi. Nilipofika chuoni geti limefungwa, nikang'ang'ania vyuma nikapaza sauti kuelekea ukumbini: namba nazo zinageuka! Namba nazo! Mlinzi akanishika ukosi. Alidhani ni lugha ya kupitishia majibu. Akaniketisha kwenye kibanda chake mpaka mtihani uishe, akanitaka nieleze. Nikamweleza yote, kuanzia tangazo la rangi nyekundu. Nilipofika kwa dada yangu machozi yalinitoka, sioni haya kuandika. Mlinzi akasema hata yeye aljebra ilimshinda, akanipa maji.

Mpwa wangu akatoka. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, kwamba nimemharibia, kwamba anisamehe. Akanishika mkono. Akasema alijua tangu Alhamisi. Alilirudisha jibu langu kwenye swali, likakataa. Akadhani kakosea yeye, akarudia, likakataa tena, akatafuta mpaka akapaona pale linapoharibikia. Basi ikawa kila jioni ananiacha nikosee, halafu anawinda kosa. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa nimefurahi mno, na pia makosa yangu yalikuwa mazuri.

Nilicheka pale getini mpaka mlinzi naye akacheka. Nilirudi kazini natembea taratibu, naitazama njia kama naiona upya.

Mwalimu hakuwepo. Sindano alimmalizia kichwa kwa mkasi wa vitambaa. Nimeambiwa alitoka vizuri.

Ijumaa, 22 Machi

Amefaulu. Jina limebandikwa, nimekwenda kulisoma mwenyewe, nikaligusa kwa kidole.

Dada kaja dukani akanikumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yake. Ya getini hayajui. Mpwa wangu kanyamaza, Mungu ambariki. Dada alipomuuliza mjomba kamfundisha nini hasa, akajibu kwamba mjomba kamfundisha asiliamini jibu lolote mpaka alirudishe kwenye swali. Dada akasema hiyo ndiyo elimu. Mlangoni kwake Sindano akakohoa. Leo hata kikohozi chake kimenifurahisha. Nimelala mchana usingizi wa mtoto mchanga.

Jumapili, 24 Machi

Nimetafakari. Mwalimu wa kawaida anatoa aliyefaulu mmoja kati ya wengi. Mimi nimefundisha mmoja, kafaulu mmoja. Huwezi kubishana na hilo. Chini ya PIA HESABU nimeongeza: UMEME TUNAINGIZA.

Mwanafunzi mpya ni yule mlinzi wa geti. Kuna mtihani wa kupandishwa cheo na hesabu imo, akikosa anabaki kibandani. Leo nimempa mabano, ambayo nimeyaelewa nikiwa namfunika mteja. Mabano ni shuka tu la kinyozi. Kazi ikiisha unalivua, unalikung'uta, na kila aliyekuwa chini yake anatoka kama alivyoingia. Kwa hiyo tatu nje, x jumlisha nne ndani ya mabano: kung'uta, unapata tatu x jumlisha nne. Mlinzi kasema hajawahi kuelezwa vizuri hivyo, na amelinakili jibu mara mbili.

Mpwa wangu alipita jioni na begi lake la bisibisi. Akautazama ubao, akaigusa ile nne kwa kidole, akaniuliza kama nimejaribu kulirudisha jibu kwenye swali. Nimemwambia hiyo ni kazi ya mwanafunzi.