Kiraka cha Baadaye

Jumatatu, 9 Juni
Kompyuta imenisumbua tena. Inasema programu yake inayoshika mtandao ina tundu, kiraka kimekwisha kutoka, nikipakue. Nieleze, ingawa msomaji ni mimi peke yangu: ni kama ufa nyuma ya jiko. Fundi ameleta udongo bure, kazi ni kuupaka tu. Nimebonyeza "Baadaye". Kiraka ni kikubwa, na mtandao ninaotumia ni wa jirani yangu Projestus, mwenye duka la kuchapa. Hajui! Nywila ni jina la fahali wake, na kijiji kizima cha Kituntu kinamfahamu fahali huyo. Nikivuta mzigo mkubwa, atashtuka. Busara ni kusubiri.

Jumatano, 11 Juni
Nimesikiliza wimbo wa marehemu mke wangu, Evaresta, akiongoza kwaya. Rekodi pekee, imo humu. Jumapili ni misa ya mwaka tangu tumzike. Wimbo huo utapigwa mbele ya ukoo. Binti yetu Kemigisha kapiga simu kutoka Bukoba, ananisihi niweke nakala. Nikamjibu kwamba mwalimu mstaafu hafundishwi kutunza vitu. Ujumbe wa kiraka umerudi. Baadaye!

Ijumaa, 13 Juni
Msiba. Kirusi kimepita kwenye tundu. Mafaili yote yamefungwa. Projestus kaja akicheka. Anasema mashine zake zote zilitiwa kiraka zamani, ila kwenye mtandao wake kaonekana mgonjwa mmoja, kompyuta iitwayo "Mwalimu Mstaafu". Je, namfahamu? Kisha akaniamkia shikamoo, naye ananizidi umri!
Sikuyumba. Mgomba ukipata mnyauko, mkulima makini hang'oi jani moja. Hung'oa shina zima, akafukia. Nimefuta kila kitu. Kompyuta safi kama shamba jipya.

Jumapili, 15 Juni
Kemigisha alifika jana. Aliwasha kompyuta kwanza. Kisha akasema kirusi hicho kiliwapata kazini kwao. Dawa ya kuyafungua mafaili inatolewa bure. Wimbo ulikuwa mzima, umefungwa tu. Nikauliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alinipigia Ijumaa, nikamkatia nikidai niko kwenye kung'oa mgomba.
Baada ya misa, ndugu walikaa kusubiri sauti. Nikawaeleza habari ya tundu, kwa utaratibu, mpaka shemeji Mackrine akaniambia kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, niketi. Wakajaribu kuimba wenyewe. Hakuna aliyeweza kuuanzisha wimbo kama Evaresta.

Jumanne, 17 Juni
Kemigisha ameondoka. Simu yake chakavu ilikuwa na ujumbe wa sauti wa mama yake: anaagiza chumvi, anacheka. Ameuhamishia humu, na simu ikafa hapo hapo. Sasa umebaki humu tu. Amenisihi: kiraka, nakala.
Projestus kabadilisha nywila. Si neno. Mtandao wa parokia unafika hadi sebuleni kwangu, na nywila ni jina la mtakatifu msimamizi. Nimelipata upesi!
Ujumbe wa kiraka umetokea sasa hivi. Lakini nikivuta mzigo mkubwa, paroko atashtuka.
Baadaye.